Siku ya Mama Maria shuleni: kuanzia kuchagua tarehe hadi kumvika taji

Shule nyingi za Kikatoliki jijini Nairobi hufanya ibada kubwa ya Mama Maria mara moja kwa mwaka, na inapoharibika huharibika vilevile kila mara. Watoto husimama juani saa mbili, wageni wanahutubu, taji linaanguka, na rozari inakatizwa kwenye tendo la tatu (tendo ni tukio la maisha ya Yesu na Maria linalotafakariwa kwa kila kumi la Salamu Maria) kwa sababu wali umeshaiva. Mwongozo huu ni wa ibada isiyozidi dakika sabini, ambayo mtoto wa Gredi ya 2 ataifuata mwanzo hadi mwisho akijua anachofanya. Unafaa shule ya parokia yenye padre wa karibu, na pia shule ya umma ambayo Kanisa ndilo mfadhili.

Tarehe

Mei ni mwezi wa Mama Maria na Oktoba ni mwezi wa rozari. Kwa kalenda ya shule, Mei ni bora. Muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo wiki ya kwanza huishia kwenye karo na vitabu, usiihesabu. Lenga wiki ya tano baada ya kufungua, maana mafundisho yanahitaji wiki nne.

Siku zinazofaa zipo kadhaa. Tarehe 13 Mei ni ya Mama Maria wa Fatima, aliyewatokea watoto watatu wachungaji mwaka 1917, na watoto hulielewa hilo upesi kwa kuwa wahusika ni wa rika lao. Tarehe 24 Mei ni ya Maria Msaada wa Wakristo, na kanisa la Don Bosco lililoko Upper Hill ni madhabahu yake. Tarehe 31 Mei ni sikukuu ya Maria kumtembelea Elizabeti, ambayo kwa maana yake ndiyo inayofaa kuliko zote, lakini ina tatizo: kesho yake ni Madaraka. Ikiangukia mwisho wa juma mrefu, nusu ya darasa watakuwa wameshapanda matatu kwenda mashambani. Ikiwa Jumapili, ibada ya shule isogezwe hadi Alhamisi iliyotangulia.

Epuka Ijumaa inayotangulia Jumapili ya pili ya Mei. Jumapili hiyo ni Siku ya Mama Duniani, na bei ya waridi hupanda.

Mkiamua Oktoba, fanyeni tarehe 7, sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari, au kabla yake. Baada ya hapo Gredi ya 6 na ya 9 wako kwenye matayarisho ya mitihani, na mwalimu wao hatawaachilia kwa mazoezi. Tarehe 15 Agosti na 8 Desemba ni kubwa katika Kanisa, lakini shule zimefungwa. Iachieni parokia.

Kwa Nairobi kuna tarehe nyingine inayosahaulika: 12 Mei. Siku hiyo mwaka 1944 alifariki hapa jijini Edel Quinn, mjumbe wa Lejio ya Maria (chama cha walei cha Kikatoliki) kutoka Ireland aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1936. Kaburi lake liko Msongari, kwenye makaburi ya St Austin's. Darasa linaloweza kufika huko kwa basi la shule litapata somo ambalo ubao hauwezi kulitoa. (Na mnapoandika ratiba, andikeni "Lejio ya Maria". Legio Maria ni kanisa jingine kabisa, na kosa hilo kwenye karatasi ya wageni huleta maswali.)

Barua kwa wazazi

Itume wiki tatu kabla. Itaje tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, vazi (sare ya shule inatosha, usidai gauni jeupe), na sentensi moja iliyo wazi kwamba kushiriki katika sala si lazima kwa mtoto asiye Mkatoliki. Hiyo si hisani. Ibara ya 32 ya Katiba inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha dini yake, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili jukumu la kulea maisha ya kiroho huku akilinda dini na madhehebu ya wengine.

Kwa vitendo, mtayarishie mapema mtoto wa Kiislamu, Msabato au Mpentekoste kazi nyingine anayoitaka mwenyewe, kama kugawa maji au kupanga viti, au chumba cha kusomea chenye mwalimu ndani. Kumwacha darasani peke yake ni kumwadhibu. Wengi wa Waislamu watataka kuja kutazama, maana Maryam wanamheshimu na sura ya 19 ya Kurani ina jina lake.

Swali litakalotoka kwa wazazi ni lile lile: mnaabudu sanamu? Walimu wote, hata wa hesabu, wawe na jibu moja fupi. Tunamwabudu Mungu peke yake. Maria tunamheshimu na kumwomba atuombee, kama unavyomwomba mama yako akuombee. Sanamu inatukumbusha, kama picha ya nyanya iliyo ukutani sebuleni. Mwalimu asiyejua jibu hili atababaika mbele ya mtoto wa miaka minane, na mtoto atalipeleka nyumbani jinsi alivyolisikia.

Katika barua hiyo hiyo omba idhini ya picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha yake akiwa na jina la shule kwenye ukurasa wa Facebook ni taarifa.

Mafundisho ya wiki nne

Tumia kipindi cha PPI (mafundisho ya dini na malezi ya kiroho shuleni) cha kila wiki, na dakika tano za gwaride la asubuhi. Wiki ya kwanza ni maneno ya sala. Watoto wa Nairobi wengi wanaijua Salamu Maria kwa Kiingereza kutoka shuleni na kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani kutoka jumuiya, na wakichanganywa husikika mvumo tu. Chagueni lugha moja kwa kila tendo. Kiswahili kwa matendo matatu na Kiingereza kwa mawili hufanya kazi vizuri. Kubadilisha katikati ya tendo hakufanyi.

Kasoro ya pili ni mbio. Watoto hutamka "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe" vizuri, halafu huimeza sehemu ya pili yote hadi "Amina". Dawa ni kuwafundisha kupumua baada ya "Mama wa Mungu" na baada ya "sisi wakosefu". Piga kofi moja hafifu kwenye pumziko. Baada ya siku tatu acha kofi.

Wiki ya pili ni matendo. Msiyafundishe yote ishirini. Chukueni matano ya siku yenu: ya furaha Jumatatu na Jumamosi, ya uchungu Jumanne na Ijumaa, ya utukufu Jumatano na Jumapili, ya mwanga Alhamisi. Haya ya mwanga yaliongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, na vijitabu vingi vya zamani vinavyozunguka mashuleni havina. Angalieni kabla ya kutoa nakala. Kwa watoto wadogo, kila tendo liwe na picha moja na sentensi moja.

Wiki ya tatu ni nyimbo na litania. Nyimbo tatu zinatosha, zote ziwe ambazo watoto tayari wanaziimba parokiani. Kwaya ikileta wimbo mpya wa sauti nne, watoto mia nne watakaa kimya wakiwasikiliza ishirini. Kwenye litania, mjibu "utuombee" kwa noti moja. Kama nakala yenu ni ya kabla ya 2020, ongezeni majina matatu ambayo Papa Fransisko aliyaingiza mwaka huo: Mama wa huruma, Mama wa matumaini, Faraja ya wahamiaji.

Jambo moja huwapita hata walimu wa dini. Saa sita mchana shule husali Malaika wa Bwana, lakini kuanzia Pasaka hadi Pentekoste husaliwa Malkia wa Mbingu, wima. Sehemu kubwa ya Mei huangukia humo. Bandikeni maneno yake karibu na kengele, kwa sababu mwalimu wa zamu ataanza na alichozoea.

Wiki ya nne ni mazoezi matatu: la kwanza darasani bila vifaa, la pili uwanjani bila kipaza sauti, la tatu kamili na saa mkononi.

Sanamu na machela

Kabla ya kupanga maandamano, mpimeni Mama Maria. Sanamu ya plasta ya sentimita 90 ni nzito na huvunjika kirahisi, kwanza vidole. Ya faiba ni nyepesi. Ya plasta ibebwe na watu wazima wanne au wanafunzi wa Gredi ya 9 wanaolingana urefu mabegani. Kulingana urefu ni muhimu kuliko nguvu. Mbebaji mmoja akiwa mfupi kwa sentimita kumi, sanamu inainama upande wake, wenzake wananyanyua kumsaidia, na inainama zaidi.

Machela ni kazi ya saa mbili kwa fundi yeyote wa mbao: mbao mbili za inchi 2 kwa 2, urefu wa mita 2, na juu yake plaiwudi ya sentimita 60 kwa 60. Pigilia vipande vinne vya mbao kuzunguka kitako cha sanamu ili kisiteleze, kisha funga kitako kwa kitambaa kilichopitishwa chini ya plaiwudi. Usifunge shingo wala kiuno. Plasta hupasuka hapo. Maua hufunika kamba.

Taji la maua

Funga uzi kuzunguka kichwa cha sanamu, juu ya shela, mahali taji litakapokaa. Ongeza sentimita 2. Tuseme umepata 38. Kata waya wa kufungia nondo mara mbili ya urefu huo, usokote uwe nyuzi mbili, uuunge mviringo, halafu uuzungushie utepe wa kitambaa cheupe mpaka chuma kisionekane. Chuma kitupu kikigusa rangi ya sanamu huikwaruza, na kikilowa huacha kutu kwenye paji la Mama Maria.

Waridi dogo moja linakaa sentimita 3, kwa hiyo mviringo wa 38 unataka maua 12 au 13. Nunua 20, kwa sababu mengine yatavunjika shingo. Ongeza kishada kimoja cha yale maua madogo meupe ambayo wauza maua hupachika katikati ya waridi. City Market, barabara ya Muindi Mbingu, yanapatikana yote. Chagua waridi lililofunguka nusu: likiwa limefunga litabaki hivyo hivyo, likiwa limefunguka kabisa litamwaga petali kwenye kichwa cha mtoto anayelibeba. Kata vikonyo kwa sentimita 4, vilaze juu ya waya vyote vikielekea upande mmoja, ufunge kila ua kwa uzi mizunguko mitatu.

Tengeneza jioni ya mkesha. Nyunyizia maji, funga kwa gazeti lenye unyevu, weka mahali penye baridi. Friza inaua maua. Asubuhi likung'ute vizuri, maana maji yanayotiririka huacha michirizi kwenye plasta.

Taji huanguka kwa sababu kichwa cha Mama Maria karibu kila mara kimeinama kidogo na shela ni laini. Weka vidonge vinne vya plastasini, kila kimoja kama punje ya mbaazi, chini ya waya, na acha ncha mbili za utepe nyuma ili mwalimu afunge fundo baada ya mtoto kushuka. Jua likiwa kali plastasini hulainika, kwa hiyo fundo ndilo la kutegemea.

Sanamu ikiwa imembeba Mtoto Yesu, andaa taji mbili, na ya Mtoto ivikwe kwanza. Huo ndio utaratibu wa Kanisa.

Rozari hai

Hapa ndipo watoto husali kweli, na ndipo hesabu hukosewa. Rozari ina punje 59, msalaba na medali. Unahitaji basi watoto 61, na wanne wa akiba, kwa sababu hakuna siku ambayo wote 61 watafika.

Chora duara kwenye uwanja wa netiboli. Upana wa uwanja ni mita 15.25, kwa hiyo kamba ya mita 7 kutoka katikati inaenea. Mzingo unakuwa kama mita 44. Kwenye duara wanasimama watoto 55, yaani medali na punje 54, kila mmoja sentimita 80 kutoka kwa mwenzake. Tumia fimbo ya urefu huo kutia alama, kwa chaki penye sakafu na kwa majivu penye nyasi. Usitumie chokaa, watoto watajipangusa macho. Kutoka kwenye medali toa mkia wenye punje 5 na msalaba mwishoni.

Mpe kila mtoto kadi yenye namba, kuanzia karibu na msalaba. Namba 1, 5, 16, 27, 38 na 49 ni za Baba Yetu: kadi zao ziwe za buluu. Nyingine zote 53 ni za Salamu Maria, kadi nyeupe. Mwenye msalaba anaanzisha Ishara ya Msalaba na Nasadiki. Namba 1 Baba Yetu, 2 hadi 4 Salamu Maria, wote Atukuzwe. Namba 5 anatangaza tendo la kwanza na kuanza Baba Yetu. Kutoka 6 hadi 15 ni kumi la kwanza. Wengi hukosea kwa kuipa kila gredi "kumi" lake na kusahau kwamba mwenye kadi ya buluu anasimama katikati ya makumi. Basi mtoto wa kumi na moja anaanza Salamu Maria nyingine na rozari nzima inasogea.

Kila mtoto anasema nusu ya kwanza, shule nzima inajibu. Salamu Maria moja kwa mwendo wa watoto huchukua kama sekunde 20, hivyo 53 ni dakika 18. Ukiongeza Baba Yetu, Atukuzwe na matendo, ni kama 25. Kinachorefusha ni kipaza sauti kupita mkono kwa mkono. Tumia viwili visivyo na waya: kimoja kwa namba witiri, kingine kwa shufwa, ili cha pili kiwe tayari mdomoni kabla cha kwanza hakijamaliza. Badilisha betri asubuhi hiyo hiyo, na uwe na megafoni, maana stima ikipotea haitarudi kwa ajili ya tendo la nne.

Walio nyuma watachelewa kujibu. Si utovu wa heshima. Sauti inawafikia ikiwa imechelewa. Simamisha kiranja kila upande aongoze kwa mkono.

Mishumaa tungeiacha. Upepo wa uwanjani huizima, nta inachoma vidole, na shela ya nailoni karibu na moto ni hatari ambayo hakuna sababu ya kuichukua. Kila punje ishike ua moja. Kila kumi likiisha, wale kumi waende pamoja kuweka maua yao kwenye chombo mbele ya sanamu, wakati wa wimbo wa ubeti mmoja.

PP1, PP2 na Gredi ya 1 wakae kwenye mikeka, washiriki kumi la kwanza tu, kisha mwalimu wao awatoe taratibu. Dakika kumi na mbili ni nyingi kwa mtoto wa miaka mitano.

Siku yenyewe

Anza saa nne kasoro robo. Mapema zaidi nyasi za Mei bado zina maji, na jioni mvua inaweza kurudi. Andaa ukumbi hata kama mbingu ni safi. Watoto wapate uji kwanza, kisha choo. Wanaozirai katika ibada za shule mara nyingi ni wale ambao hawakula.

Ishara ya Msalaba na wimbo, dakika 5. Injili ya Luka 1:39-56, isomwe na mtoto aliyefanya mazoezi, na maneno machache ya padre au katekista, dakika 7. Maandamano kwa wimbo kutoka lango hadi uwanjani, dakika 10, msalaba mbele, kisha wadogo, kisha wakubwa, sanamu nyuma. Wadogo wakiwa nyuma hukimbia kuwafikia wenzao. Rozari hai, pamoja na maua, dakika 30. Taji, dakika 5. Litania, sala ya kujiweka chini ya ulinzi wa Mama Maria na baraka, dakika 10.

Mkitaka Misa, ifuate baadaye ikiwa na masomo yake, au ibada iwe siku nyingine. Msifunge vitu viwili pamoja mpaka mtoto asijue kipi kimeisha. Mwelekezo wa Kanisa wa mwaka 1973 kuhusu Misa za watoto unaruhusu kupunguza masomo, ila Injili haiachwi kamwe. Zungumzeni na padre wiki mbili kabla.

Anayemvika taji achaguliwe kwa kura kati ya waliopokea Komunyo ya Kwanza. Mkiteua kwa alama au kwa cheo cha mzazi, shule nzima itajua kufikia mapumziko ya saa nne. Sanamu ya sentimita 90 juu ya meza ya 75 ina kichwa kwenye 165. Mtoto wa Gredi ya 4 hafiki. Tengeneza ngazi ya vipandio viwili, pana, isiyotikisika, na mwalimu asimame nyuma yake. Kiti cha plastiki hapana.

Hotuba ziwe baada ya baraka ya mwisho, na watoto wa chini ya Gredi ya 4 wakiwa wameshaondoka. Mpiga picha awe mmoja, asimame sehemu moja. Wazazi watapiga zao mwishoni, sanamu ikiwa imetulia.

Baada

Fagia petali mara moja. Zikikanyagwa kwenye sakafu laini huteleza kama ganda la ndizi. Sanamu irudi mahali pake ikiwa na taji, ikae siku tatu, kisha taji liondolewe kabla maua hayajaoza na kutia doa. Maua yaliyotumika ibadani yafukiwe bustanini, yasiende kwenye pipa la makombo. Waya na utepe uhifadhi.

Kwenye daftari la mwalimu wa dini andika namba ya watoto waliofika, dakika zilizotumika kwa kila sehemu, idadi ya waridi na duka lililouza, na nani alikuwa namba 5. Bandika hapo pia ule uzi uliopimia kichwa cha sanamu, ili mwakani asipande mtu tena mezani na futi.